Jirani Aliyenilelea Naliaka

Kwanza niseme kwamba huyu mama hakuwahi kunitendea baya lolote. Angenitendea baya, maisha yangu yangekuwa rahisi. Ningegombana naye kwenye ngazi, kama wanawake wengine wa jengo letu wanavyogombana juu ya maji na kamba za kuanikia nguo, tununiane mwezi mzima, kisha yaishe. Lakini alikuwa mwema, na kadiri alivyozidi kuwa mwema ndivyo nilivyozidi kukosa raha.

Tuliishi mlango kwa mlango pale Mountain View, orofa ya pili, upande unaosikia magari ya Waiyaki Way siku nzima. Mimi nilimwita Jirani, na binti yangu Naliaka alimwita Anti. Yeye aliniita Mama Naliaka, na hatukuwahi kuitana vinginevyo. Alikuwa karani katika wizara moja mjini. Mimi nauza mapazia, mjini vilevile, ndani ya moja ya yale majengo yaliyogawanywa maduka madogo madogo, ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Tofauti yetu ilikuwa kwamba mtu wa serikali hufunga ofisi jua likiwa bado lipo, na mwenye duka hufunga mteja wa mwisho akishaondoka. Kwa hiyo binti yangu akitoka shule, mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa Jirani.

Sikumwomba. Siku moja mvua ilifunga jiji zima, nikachelewa, nikapanda ngazi mbio nikidhani nitamkuta Naliaka amekaa mlangoni analia. Nilimkuta kwa Jirani. Ameshakula, ameshaoga, amemaliza hesabu, amelala kwenye kochi na miguu yake iko juu ya mapaja ya yule mama. Jirani akaweka kidole mdomoni.

"Mwache kidogo, Mama Naliaka," akaninong'oneza. "Ndio usingizi umemshika."

Nikasimama pale na viatu vyangu vimejaa maji, nikiambiwa nimngoje mtoto wangu mwenyewe. Nilipombeba hatimaye kumvusha kwetu, shingo yake ilinukia sabuni ambayo si yangu. Na ikawa hivyo miaka yote ya shule.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kicheko kinachoanzia mabegani. Mabega yangetetemeka kwanza, ndipo sauti itoke. Alipiga pasi kila kitu, shuka, taulo, hata vitambaa vya kufutia vyombo, na akipiga pasi alibishana na redio. "Wee, wacha kudanganya watu!" angemfokea mtangazaji, kama vile yule mtu amekaa naye sebuleni. Naliaka aliichukua tabia hiyo. Mpaka leo binti yangu akiendesha gari anabishana na redio, na kila akianza, mimi hugeuka nikatazama nje ya dirisha.

Kupika hakujua. Alijua muthokoi tu, yale mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na maharagwe, na hata huo ungemwungulia mara kwa mara. Mtoto angekula muthokoi ulioungua mpaka afute sahani, kisha aje kwangu asukume ugali na mboga yangu ya mrenda pembeni akisema ameshiba. Niliwahi kujaribu kuupika mwenyewe. Nilisimama jikoni Jumapili nzima. Naliaka akaonja, akanitazama, akasema kwa upole, "Si mbaya, Mama." Upole huo ndio ulioniuma. Sikujaribu tena.

Nikisema alikuwa mwema, nisieleweke vibaya, hakuwa malaika. Angemtazama mchungaji machoni na kumwambia Jumapili iliyopita alikuwa kitandani anaumwa mgongo, na sisi wote tulimwona sokoni Kangemi akichagua mitumba. Watoto wa ndugu zake wakija kumtembelea kutoka Machakos aliwahesabia vipande vya mkate, ilhali watoto wa jengo zima waliingia kwake wakatoka wanatafuna. Alisengenya kila mtu, mlinzi, mwenye nyumba, hata mimi, najua, lakini ukimwambia siri yako mwenyewe, imeishia pale. Na akimwahidi mtoto kwamba Jumamosi wataenda mahali, wangeenda hata kama mawe yananyesha. Ahadi zangu mimi zilivunjwa na duka. Naliaka alijifunza mapema ni ahadi za nani za kuchukua kwa uzito.

Siku binti yangu alipopata hedhi ya kwanza, nilikuja kujua baada ya miezi kadhaa, na nilijua kwa bahati tu, nikipanga nguo zake. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akashangaa kweli. "Nilimwambia Anti," akasema, kama mtu aliyefikiri habari ikifika mlango mmoja imefika yote miwili.

Kulikuwa na jambo moja lililomshinda Jirani. Aliogopa mahali pa juu. Lile daraja la Kangemi la watembea kwa miguu, juu ya barabara kuu, alilikwepa miaka na miaka, akatembea mbali mpaka panapovukika chini, aje amechoka na vumbi miguuni. Aliyemvusha ni Naliaka, wakati huo bado msichana wa shule ya msingi. Alimshika mkono, akamwambia afumbe macho, wakavuka. Waliingia kwangu wanacheka mpaka machozi, kila mmoja akimkatiza mwenzake kunieleza. Mimi nilikuwa navuka daraja hilo kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kunishika mkono.

Alikuwa na neno lake pia. Ukimletea tatizo lolote, kodi, ugomvi, mtoto ameshindwa mtihani, angekutazama kidogo kisha aseme, "Hiyo si ya leo." Na tatizo lenyewe lingekaa kitako kama mbwa aliyeambiwa akae. Nililichukia neno hilo. Katika maisha yangu mambo yote yalikuwa ya leo.

Lakini kilichonikaa kooni zaidi ni sherehe ya Naliaka ya kumaliza chuo. Nilikuwa nimejipanga. Nilikodi viti, nilishona vitambaa vya meza kwa kitambaa kizuri cha dukani, nikaagiza nyama kwa mchinjaji wa hapa karibu. Asubuhi Jirani akagonga mlango akiwa amevaa gambuti na leso kichwani. Alikuwa ametoka Dagoretti, alikokwenda mwenyewe machinjioni kabla watu hawajaamka, akachagua mbuzi akiwa hai, akasimamia mpaka mwisho. "Nyama ya hapa wanakupa mifupa tu," akaniambia. "Leo mtoto wetu hawezi kuaibika." Wageni walikula, wakasifu nyama, hakuna aliyetazama vitambaa. Mhadhiri mmoja aliyealikwa na Naliaka akaja akamshika Jirani mkono kwa mikono yote miwili, akamwambia, "Hongera Mama, umelea." Jirani akasema, "Asante, mwalimu," kisha akakumbuka, akanionyesha kwa kidole. Lakini yule bwana alikuwa ameshageuka.

Mtoto wetu, alisema. Wetu.

Naliaka aliajiriwa na kampuni ya safari huko Westlands, kwenye ofisi ya vioo juu ya barabara iliyojaa mikahawa, na baada ya muda wakaanza kumpa makundi ya kuongoza. Wakenya siku hizi wanasafiri: wastaafu, kina mama wa chama, watu wa kanisa waliokwisha kwenda Yerusalemu na sasa wanatafuta pengine. Safari iliyokuwa ikiuzwa mwaka huo ilikuwa ya Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, jangwa lililo juu ya milima, ambako mvua haifiki na hewa ni haba.

Alikuja dukani kuniambia. Aliketi juu ya marobota ya vitambaa kama alivyokuwa akiketi akiwa mdogo siku za likizo.

"Mama, kiongozi anaruhusiwa kuja na mtu mmoja. Twende."

Moyo uliruka. Lakini mdomo ulikuwa umezoea njia yake. "Na duka nimwachie nani?"

Hakubishana. "Sawa, Mama," akasema. Akakaa kidogo, tukaongea mengine, akaenda.

Wiki iliyofuata Jirani aligonga mlango wangu akiwa amevaa jaketi nene la mtumba lililomfikia magotini, jasho linamtiririka. "Mama Naliaka, umesikia haya maajabu? Mtoto anataka kunipeleka kuona jangwa lenye barafu! Mimi, mzee mzima! Niambie, nimefanana na nani?"

"Na mimi naenda," nikasema. Nilijisikia nikilisema kabla sijajua nitalisema. Nilijilipia mwenyewe. Duka nilimwachia dada yangu, ambaye angekaa dukani wakati wowote katika miaka yote hiyo kama ningemwomba.

Sitaeleza safari nzima. Kundi lilikuwa dogo: mchungaji mmoja na mkewe, ndugu wawili wafanyabiashara, mwalimu mkuu mstaafu, na sisi. Naliaka alituweka mimi na Jirani chumba kimoja. Alidhani anatufurahisha. Kila siku nilimtazama yule mama: anavyokunja shuka za hoteli kana kwamba atazipiga pasi, anavyomwita dereva "mwanangu" kwa Kiswahili na dereva akaelewa, anavyojifunza salamu ya kule, *julley*, akawasalimia hata punda. Watu walimpenda. Kwenye gari kiti cha nyuma ya Naliaka kikawa chake bila yeyote kusema. Na usiku nilimsikia akikohoa ameweka uso ndani ya mto. Nikimuuliza, anasema ni vumbi.

Siku ya mwisho tuliamka bondeni, kwenye mahema, mahali penye vilima vya mchanga mweupe na nyuma yake milima yenye theluji, vitu viwili ambavyo macho yangu yalikataa kuviweka pamoja. Kuna ngamia wa huko wenye nundu mbili, wenye manyoya kama zulia kuukuu. Jirani alikataa kumpanda. Akasema atakaa na mikoba. Nilijua kuna kitu. Mtu aliyekuwa akiwasalimia punda, leo hata hamtazami ngamia.

Kutoka pale njia ilikuwa moja tu, kupanda mpaka kilele cha mlima mmoja mkubwa, kisha kuteremka mji wa Leh, tule chakula cha kuagana, na kesho ndege. Tulipanda kona baada ya kona. Watu walikuwa wanaimba, mchungaji akiongoza. Jirani hakuimba. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo.

Kileleni kuna kibanda cha chai, na bango la manjano ambalo kila msafiri lazima apigwe picha nalo, na vitambaa vya rangi vimefungwa juu yake vinapigwa na upepo kama nguo kwenye kamba. Naliaka alifungua mlango kwa furaha. "Anti, njoo! Wewe uliyekuwa unaogopa daraja la Kangemi, njoo usimame juu ya dunia!" Akamshika mkono, akamteremsha, akamkumbatia begani. Kisha akaninyooshea simu.

"Mama, tupige."

Nikapiga. Nilisimama kwenye upepo ule unaokata masikio, nikawatazama wawili wale kwenye kioo cha simu wamekumbatiana kama mama na mwana, na nitasema ukweli, nilichukia kila kitu: bango, vitambaa, mlima, na mkono wa binti yangu juu ya bega lile. Nikasogeza picha karibu ili nione uso wa Jirani. Nilitaka kuona jinsi anavyofurahi, nijiumize vizuri.

Hakuwa anafurahi. Mabega hayakutetemeka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na macho yalikuwa yamefunguka lakini hayakuwa yakitazama simu wala mimi. Hakuna amtazamaye mtu kwa makini kama anayemwonea wivu. Nilimjua yule mama kuliko mume yeyote angemjua.

"Naliaka, Jirani anaumwa. Turudi garini tuteremke. Sasa hivi."

"Niko sawa," Jirani akasema polepole. "Hiyo si ya leo, Mama Naliaka."

Naliaka aligeuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kwa jambo la miaka mingi. Akanisogelea ili wengine wasisikie.

"Mama, tafadhali. Usinianze leo. Watu wamelipa, hii ndiyo saa waliyoingoja. Mwache Anti afurahi, hata mara moja tu. Nakuomba."

Kumbe alijua. Miaka yote nilidhani nimeuficha wivu wangu ndani kabisa, na mtoto alikuwa akiuona tangu zamani. Aibu ilinipanda mpaka usoni pamoja na baridi ile. Ningenyamaza. Ningekaa garini nimeinamisha kichwa, tuteremke baada ya chai yao, na Mungu anajua tungeteremka na nini.

"Nichukie ukitaka," nikamwambia. "Lakini mwambie afunge zipu ya jaketi."

"Nini?"

"Mwambie tu afunge zipu."

Naliaka akageuka, akajaribu kutabasamu. "Anti, baridi hiyo. Funga jaketi."

Jirani akatazama chini. Vidole vyake vikaenda kwenye zipu, vikaipita, vikarudi, vikashika kitambaa cha pembeni, vikakivuta juu kana kwamba ndicho. Akajaribu tena. Mwanamke aliyekunja shuka kama karatasi hakuweza kupata mahali zipu inapoanzia. Kisha akayumba, na Naliaka akamdaka.

Sikuwahi kusikia binti yangu akipiga kelele namna ile. Dereva alikuja mbio, akamtazama mara moja, akasema kwa Kiingereza chake kwamba ni kushuka tu, hakuna dawa nyingine, kushuka. Mke wa mchungaji alianza kuomba kwa sauti. Tuliingia wote, chai ikaachwa mezani. Naliaka alilazimika kukaa mbele, akipigia hospitali simu na kuongea na dereva, kwa hiyo aliyemlaza Jirani mapajani na kumshikia barakoa ya mtungi wa oksijeni uliokuwa garini nilikuwa mimi.

Tuliteremka kona zile kwa kasi iliyonifanya nifumbe macho. Jirani alikuwa akiongea ndani ya barakoa. Mwanzoni nilidhani anasali. Nikainama. Hakuwa nasi pale. Alikuwa sebuleni kwake Mountain View, jioni moja ya zamani, akimwambia mtu nisiyemwona:

"Maji ya kuoga yako tayari... Huyu leo hana homa tena. Lakini mama yake akichelewa kidogo... Mungu, mfanye achelewe kidogo leo."

Nilinyoosha mgongo. Nilimtazama binti yangu kule mbele, kisogo chake, simu sikioni. Hakusikia. Hakuna aliyesikia ila mimi. Jioni zote zile nikipanda ngazi mbio, moyo unanidunda kwa kuchelewa, kulikuwa na mtu nyuma ya mlango aliyekuwa akisikiliza viatu vyangu na kuvichukia. Nilimbana barakoa vizuri usoni.

Hospitalini walimlaza, wakampa hewa na dawa, na kufikia jioni rangi ilikuwa imerudi. Wenzetu walikula chakula cha kuagana bila sisi. Naliaka alikuwa amekaa kitandani, ameushika mkono wa Jirani kwa mikono yote miwili, anaupapasa, anaubusu. Mimi nilisimama dirishani. Nilikuwa nimemwokoa mtu, na bado mkono ulioshikwa haukuwa wangu.

"Mama, ulijuaje?" Naliaka akaniuliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimemzoea," nikasema.

Ndipo daktari alipoingia, mama mmoja mdogo wa umbo mwenye shali begani. Aliuliza kama mgonjwa amewahi kuwa na tatizo la kifua. Naliaka akasema hapana. Daktari akauliza tena, akimtazama Jirani mwenyewe, na Naliaka akamtafsiria.

"Niliambiwa," Jirani akasema hatimaye. "Kule nyumbani. Daktari aliniambia nisiende mahali pa juu."

"Lini?"

"Kabla tuje."

"Anti, ulijua?" Sauti ya Naliaka ilikuwa ndogo. "Nilikuuliza. Nilikaa kwako nikakuuliza kama mzima, ukaniambia mzima kabisa. Ungenifia mikononi. Ningekurudisha Machakos kwenye sanduku, niwaambie nini watu wako?"

"Ningekuambia, ungenichukua?"

"Hapana!"

"Basi." Akavuta pumzi. "Hakuna mtu amewahi kuniambia twende, Naliaka. Watu huniambia baki na mtoto. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia twende."

Naliaka aliuachia ule mkono. Hakuutupa, aliulaza juu ya blanketi polepole, akatoka nje. Natamani niseme kwamba nilisikitika. Nilisikitika baadaye. Pale dirishani, kwa muda mfupi, nilihisi joto zuri likinishuka mwili mzima.

Tuliporudi Nairobi, kampuni ilimwita Naliaka, wakamsimamisha kuongoza makundi kwa muda kwa kupandisha mgonjwa mlimani. Hakumsamehe Jirani. Alianza kuja kwangu kila Jumapili, akipita ule mlango wa pili bila kugonga. Nilifunga duka Jumapili, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilipika mrenda, akala, akaomba zaidi. Tuliongea, tukacheka, na mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana kuta zetu ni nyembamba na nilijua nani yuko upande wa pili na pasi yake.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka tangu siku ile ya mvua. Ajabu ni kwamba Naliaka akitoka, akiteremka ngazi, nilikuwa nasikia mlango wa Jirani ukifunguka kidogo, kisha ukafungwa. Sikuwahi kutoka kumsemesha.

Jirani alihama bila kelele. Alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake Machakos. Alinigongea kuniaga, tukashikana mikono kama watu wa kanisa moja, nikamwambia tutaonana, akasema inshallah, neno ambalo sijui alilitoa wapi.

Nilimwona tena Jumamosi moja, miezi mingi baadaye. Nilikuwa juu ya stuli dukani natundika pazia nikasikia mtu akisema nyuma yangu, "Kumbe ndipo hapa."

Katika miaka yote hakuwahi kukanyaga dukani kwangu. Alikuwa amekonda, lakini amesimama wima. Aliangalia marobota, cherehani, dari fupi, stuli moja ya mteja.

"Ni padogo," akasema.

"Ni padogo."

"Nilikuwa nafikiri ni duka kubwa. Kwa jinsi lilivyokuwa linakuweka." Akaketi. "Nataka mapazia ya nyumba yangu. Jua la kule ni kali."

Nikamshushia vitambaa. Alivipapasa, akavipima mwangani, akabishana nami juu ya rangi, na kwa muda tulikuwa wanawake wawili tu wanaochagua kitambaa. Kisha simu yangu ikalia. Alikuwa Naliaka. Niliinuka nikatoka koridoni, nikapokea nikiwa nimeupa mlango mgongo.

"Mama, uko na mtu?"

"Na mteja," nikasema.

"Basi mhudumie, nitakupigia jioni."

Nilirudi ndani. Jirani alikuwa bado ameinamia kitambaa cha kijani, kidole chake kinapita juu ya pindo.

"Mzima?" akauliza bila kuinua uso.

"Nani?"

"Wee Mama Naliaka, naulizia mtoto." Akanitazama sasa, na hakuwa na hasira. "Sauti yako ukiongea naye naijua. Mimi nimeisikia ukija kumchukua kila jioni."

Pale ndani palikuwa padogo, hapakuwa na mahali pa kuangalia ila kwake. Niliona shingo yake ilivyokonda, na jinsi alivyoishika ile simu kwa macho, kama mtu mwenye kiu anavyotazama glasi ya mwenzake. Nililijua tazamo lile. Nimeliishi.

Nikapiga namba ile. Naliaka akapokea mara moja, "Mama, kuna nini?" Nikasema, "Kuna mtu hapa," nikamwekea Jirani simu mkononi kabla sijajirudi, nikatoka, nikavuta pazia la mlangoni.

Nilisimama koridoni. Kwanza nilifikiri Naliaka amekata. Kisha nikasikia sauti ya Jirani, ndogo, inakwama. "Ni mimi, mwanangu." Stuli ikalia. "Najua. Najua. Nilikosa." Halafu akaanza kusikiliza, kusikiliza tu, akiitikia, mmh, mmh, na nilijua kwamba kule Westlands binti yangu analia, na anamwambia yule mama mambo ambayo Jumapili zote zile hakuniambia mimi. Wivu ulinijia kama kawaida yake, pale pale kifuani, moto ule ule. Haujawahi kupungua, na sidhani utapungua. Nilikunja mikono, nikauacha uwake.

Mteja mmoja akaja, mwanamke kijana mwenye haraka, akataka kuingia aone mapazia ya sebule. Nikanyoosha mkono nikamzuia.

"Ngoja kidogo, dada," nikamwambia. "Kuna mtu anaongea na mtoto wake."